Kununua Karavani Iliyotumika Mombasa: Anzia kwa Gari Litakaloivuta

Karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, si bidhaa inayopatikana katika kila yadi ya magari Mombasa. Kwa sababu ya uhaba huo, mtu akiiona moja imeegeshwa uani Nyali au Diani na kuambiwa kuwa inauzwa, huanza kuulizia bei kabla ya kujiuliza swali linalopaswa kutangulia: gari langu lina uwezo wa kuvuta uzito gani? Mwongozo huu unaanza na gari na kuiacha karavani ifuate, kwa kuwa ni rahisi kukataa karavani isiyofaa kuliko kutafuta gari jipya kwa ajili ya karavani ambayo imekwisha kulipiwa.

Magari mengi tunayoendesha hapa yaliingia kupitia bandari ya Kilindini baada ya kutumika Japani. Kitabu cha maelekezo, kama bado kipo, kimeandikwa Kijapani, na mara nyingi hakitaji kabisa uzito wa kukokota. Mwenye gari hukimbilia mtandaoni, ambako hukuta takwimu za Australia, Uingereza au Marekani, na hapo ndipo hatari inapoingia, kwa kuwa takwimu hizo hazilingani. Subaru Forester ni mfano mzuri: kwa miaka mingi matoleo mengi yaliyouzwa Marekani yamepewa kikomo cha pauni 1,500, ambazo ni takriban kilo 680, ilhali Australia yapo matoleo yaliyopewa kilo 1,500. Msomaji asiyeangalia kama ni pauni au kilo atadhani amesoma takwimu ile ile mara mbili, kumbe moja inazidi nyingine zaidi ya maradufu. Njia ya busara ni kusoma namba ya modeli kwenye bamba la chuma lililo ndani ya boneti au penye mlango, kutafuta takwimu za gari lenye injini na giaboksi zile zile, kisha kushika iliyo ndogo kati ya zile utakazozipata. Ikiwa mtengenezaji hakulipatia gari hilo uwezo wowote wa kukokota, jambo hilo limekwisha, hata kama fundi yuko tayari kulichomelea ndoano ya kukokotea siku hiyo hiyo.

Ukishapata takwimu ya kukokota, usiishie hapo, kwa maana hicho ni kikomo kimoja tu kati ya vinne. Cha pili ni uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na abiria, mizigo na ule uzito wa karavani unaoegemea ndoano. Cha tatu ni uzito wa juu wa gari na karavani kwa pamoja. Cha nne ni uzito ambao ndoano yenyewe imeruhusiwa kubeba, nao huandikwa kwenye bamba dogo lililopigwa juu yake. Kinachotawala ni kile kinachofikiwa kwanza, na si lazima kiwe kile ambacho muuzaji anakitaja.

Chukua gari la kubuni lenye uzito wa kilo 1,450 likiwa tupu, lililoruhusiwa kufikia kilo 2,000 likiwa na mzigo, kukokota kilo 1,500, na kufikia jumla ya kilo 3,300 pamoja na kile linachokivuta. Familia ya watu watano ina kilo 340, mizigo iliyo ndani ya buti ni kilo 60, na ndoano iliyofungwa ni kilo 25. Gari sasa lina kilo 1,875. Wakiifunga karavani ya kilo 1,500, ambayo inaegemeza kilo 105 kwenye ndoano, gari litafika kilo 1,980, yaani bado halijavuka kikomo chake, na uwezo wa kukokota nao haujavukwa. Lakini 1,875 ukijumlisha na 1,500 unapata 3,375, na kikomo cha jumla kimepitwa kwa kilo 75. Kwa familia hiyo, gari linaloitwa la kilo 1,500 kwa hakika linavuta kilo 1,425, na mgeni mmoja akiongezeka katika safari takwimu hiyo inashuka tena.

Hata hiyo 1,425 si uzito ambao ningemshauri mtu anayeanza aununue. Vyama vya wenye karavani Uingereza hupendekeza kwamba asiye na uzoefu asivute karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari likiwa tupu, ili gari liitawale karavani badala ya karavani kulitikisa gari. Kwa gari letu la mfano hizo ni kilo 1,232. Pendekezo hilo si sheria, lakini kwa barabara ya kuelekea Voi, yenye malori marefu yanayopita kwa kasi na kuvuta upepo ubavuni mwako, ni pendekezo la kuheshimiwa. Kisha kumbuka miinuko. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo gari linalojimudu vizuri Bamburi litakuwa limepungukiwa karibu sehemu moja ya sita ya nguvu litakapofika Nairobi. Mwenye kutaka kupiga kambi Taita anapaswa kufikiria ule mpando wa kutoka Mwatate hadi Wundanyi, na njia ya kushuka hasa, kabla ya kufikiria ukubwa wa vitanda.

Baada ya hapo ndipo uende kuiona karavani. Tafuta bamba la uzito, ambalo katika karavani nyingi za Uingereza huwa karibu na mlango. Uzito wa kwanza ni wa karavani ilivyotoka kiwandani. Wa pili ni wa juu kabisa unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa. Linganisha gari lako na huo wa pili. Muuzaji atakutajia wa kwanza, na pengine si kwa hila, kwa sababu ndio anaoukumbuka. Tofauti kati ya uzito huo miwili ndiyo nafasi ya vitu vyako, na nafasi hiyo huwa finyu kuliko mtu anavyodhani. Tuseme ni kilo 200. Mtungi wa gesi wa kilo 13 hukaribia mara mbili ya hapo ukipimwa pamoja na chuma chake. Maji lita 40 ni kilo 40. Betri ni kama kilo 25. Turubai la kivuli kilo 20. Na kiyoyozi cha juu ya paa, ambacho katika joto la Pwani wengi huona hawawezi kulala bila hicho, huongeza kilo 30 hivi. Zimebaki pungufu ya kilo 60 kwa sufuria, matandiko, viti, meza na chakula cha watu watano.

Kwa sababu hiyo, usikubali kukadiria. Karavani ya zamani huwa imebadilishwa mikononi mwa wenyewe: kabati limeongezwa, sakafu imewekewa mbao juu ya mbao, na maji yaliyoingia kwenye kuta nayo yana uzito wake. Mji huu una mizani mingi, kwani tangu 2016 makontena yanayosafirishwa nje kwa meli hayana budi kuthibitishwa uzito, na wanunuzi wa vyuma chakavu nao hupima malori yao. Omba kwa adabu, lipa ada ndogo inayotakiwa, kisha upime mara mbili: kwanza gari na karavani zikiwa zimeungwa, na baadaye karavani peke yake ikiwa imefunguliwa. Muuzaji anayekataa karavani yake isipelekwe mizani amekwisha kukupa jibu.

Uzito unaoegemea ndoano unaweza kuupima hapo uani kwa mizani ya bafuni. Zuia magurudumu, simamisha kipande cha gogo juu ya mizani chini ya kishikio cha karavani, kile kinachofungwa kwenye ndoano, kwa urefu utakaoiweka karavani sawasawa, kisha ishushe polepole. Kwa karavani za Uingereza takwimu inayotafutwa ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake wote. Kwa zile za Marekani ni asilimia 10 hadi 15. Uzito huo ukiwa mdogo mno, sehemu ya nyuma ya karavani huanza kuyumba, na myumbo ukishakua ni vigumu kuutuliza.

Nchi ilikotoka karavani ina maana kubwa. Za Uingereza na Afrika Kusini zina mlango upande wa kushoto, kwa hiyo watoto watashukia ukingoni mwa barabara. Za Marekani huwashusha upande magari yanakopita, na vifaa vyake vya umeme vimeundwa kwa volti 120, vitaungua vikichomekwa kwenye volti 240 za hapa. Tufe la ndoano la Ulaya lina milimita 50, na la Marekani linalolikaribia lina inchi 2, yaani milimita 50.8, kishikio cha moja hakikai sawasawa juu ya jingine ingawa kwa macho yanafanana. Breki pia hutofautiana. Za Uingereza hujikaza zenyewe karavani inaposukuma kishikio mbele, ilhali nyingi za Marekani ni za umeme na hudai kifaa maalumu ndani ya gari.

Kuhusu hali yake, adui mkubwa ni maji. Kuta nyingi za karavani za zamani ni fremu ya mbao iliyovikwa bati la alumini, na sili za madirisha zikizeeka mbao huoza bila dalili yoyote nje. Kanyaga sakafu pembe zote, hasa mlangoni, ikibonyea, ondoka. Fungua makabati ya chini unuse. Ukiwa na kipimo cha unyevu, chini ya asilimia 15 ni salama, zaidi ya 20 panatiliwa shaka, na zaidi ya 30 mbao huenda zimeharibika. Lakini kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, ni afadhali kulinganisha sehemu moja na nyingine ya karavani hiyo hiyo kuliko kutegemea namba moja. Lala chini uangalie fremu na ekseli kama kutu imekula chuma au imepaka juu tu. Matairi ya karavani hufa kwa umri kabla ya kuisha kashata, yaani meno yake: soma tarakimu nne ubavuni, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na yakizidi miaka saba hesabu bei ya mapya. Iliyokaa miaka bila kutembea hudai breki na bearingi zifunguliwe zote.

Kwa upande wa hati, trela Kenya huwa na namba yake yenyewe inayoanza kwa herufi Z, na umiliki huhamishwa kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Namba ya chesi iliyopigwa kwenye fremu ilingane na ile ya kwenye hati. Jihadhari na karavani yenye namba ya kigeni iliyoingia kwa kibali cha muda cha wasafiri, kile kiitwacho carnet: ushuru wake haujalipwa, na bei inayoonekana rahisi itapanda siku utakapotakiwa kuulipa. Ulizia bima pia, na kama daraja la leseni yako linaruhusu kukokota trela la uzito huo.

Jaribio la barabarani lifanyike kwa mwinuko wa Mazeras, kupanda na kushuka kwa gia ndogo, huku ukiangalia joto la injini na kusikiliza breki. Ikiwa makazi yako ni ng'ambo ya Likoni, zingatia pia urefu wa mkia wa karavani, kwa sababu maji yanapokupwa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali na mkia mrefu hukwaruza saruji. Barabara ya Dongo Kundu, inayofika huko bila feri, ni ndefu zaidi kwa aliye kisiwani, lakini haina shida hiyo. Katika mapatano, toa amana ndogo kwa maandishi yanayosema kwamba itarudishwa iwapo uzito utakaosomwa kwenye mizani utapita ule mliokubaliana, na salio lilipwe siku ambayo muuzaji atakapokuwa ameanzisha uhamisho wa umiliki mbele yako.