SOMO: Jinsi ya kufuatilia maisha na ukoo wa mtia makaa wa manowari ya vita

Wakuu salaam. Watu wengi wananiuliza hii kitu, hasa walioolewa au kuoa Uingereza na sasa wakwe wanataka kujua babu yao aliyepigana vita ya kwanza alikuwa nani, na wengine ni wa huku kwetu kabisa. Naandika mara moja tu. Hapa naongelea wale wa chini, waliokuwa wanatia makaa kwenye tanuri za boila, sio maofisa, maana ofisa kila mtu anamuandika.

Mfano wangu ni HMS Pegasus kwa sababu makaburi ya watu wake yako jirani. Ile manowari ilikuwa bandarini Unguja mashine zake zinafanyiwa matengenezo, haiwezi kung'oa nanga, Jumapili alfajiri tarehe 20 Septemba 1914 ikatokea Königsberg ya Wajerumani na kuanza kuipiga kutoka mbali, Pegasus ikijibu makombora yanaishia majini, hayafiki. Watu 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa, meli ikazama siku hiyohiyo. Baadhi yao wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, na ukisoma vyeo vyao utaona wamo watia makaa.

HATUA YA 1: Anza na medali, achana na hadithi kwanza.
Hadithi za familia zitakuambia babu alikuwa nahodha. Medali haidanganyi. Chukua zile medali mbili za duara za vita ya kwanza, igeuze kwenye mwanga uangalie UKINGONI, yaani ule upande mwembamba kama wa sarafu, kuna maandishi madogo yamechongwa: namba, jina, cheo, halafu R.N. (Royal Navy, jeshi la majini la Uingereza). Ile ya nyota (1914-15) maandishi yako mgongoni. Ukiona STO.1 ni mtia makaa daraja la kwanza, L.STO ni kiongozi wao, S.P.O. ni mkubwa zaidi. Tafadhali usiisugue na Brasso, maandishi yanafutika na namba ndio kila kitu.

HATUA YA 2: Isome namba.
Kuanzia 1908 jeshi la majini la Uingereza lilitenga namba kwa kazi. K ni watia makaa. J ni mabaharia wa sitaha na wa mawasiliano, L wapishi na wahudumu wa maofisa, M mafundi na wengineo. Ukiona SS mbele ya namba huyo alichukua mkataba mfupi, miaka 5 kazini na 7 akiba, wakati wa kawaida walisaini miaka 12. Vita ya pili utakuta KX, na mbele yake herufi ya bandari: P Portsmouth, D Devonport, C Chatham. Kwa hiyo mtu akikuambia babu yangu alikuwa mpiga mizinga na namba inaanza na K, nyamaza tu uendelee na kazi.

HATUA YA 3: Tafuta karatasi yake ya utumishi.
Ziko hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza pale Kew, fungu linaitwa ADM 188, unatafuta mtandaoni kwa jina au namba. Mara nyingi ni ukurasa mmoja lakini ukurasa umeshiba. Tarehe na mahali alipozaliwa, kazi aliyokuwa akifanya kabla, meli zote alizopanda, tabia yake mwaka hadi mwaka (VG maana yake safi sana), na kama aliwekwa selo siku ngapi. Ukiona DD alifariki akiwa kazini. Ukiona Run alitoroka, hapo ongea na wazee wa familia taratibu kabla hujatangaza kwenye grupu la ukoo.

Ninachokipenda mimi ni kile kisehemu cha maumbile. Babu wa shemeji yangu hakuachwa na picha hata moja, ila karatasi inasema futi 5 na inchi 4, macho ya bluu, tatuu ya nanga mkono wa kushoto, kabla ya hapo kibarua wa shamba. Shemeji alilia pale mezani. Tarehe ya kuzaliwa lakini usiimeze nzimanzima, vijana walikuwa wanajiongezea umri ili wachukuliwe.

HATUA YA 4: Fuata meli.
Chukua orodha ya meli na tarehe, kisha nenda kwenye daftari za safari za meli, ADM 53. Hapo jina lake hulikuti sana, ila unakuta maisha yake: leo wako wapi, hali ya hewa, wamepakia tani ngapi za makaa. Siku ya kupakia makaa karibu meli nzima inageuka nyeusi, lakini wenzao wakishaoga watia makaa ndio wanaanza, zamu ya masaa manne, beleshi mkononi, kulisha tanuri, kuvunja klinka (mabonge magumu ya masalia ya makaa) kwa vyuma virefu, kutoa majivu, na hapo meli iko bahari ya Hindi nje kwenyewe jua linaunguza.

HATUA YA 5: Ukoo.
Ukiwa na tarehe na mahali pa kuzaliwa, agiza cheti cha kuzaliwa, kinakupa wazazi. Cheti cha ndoa kinakupa na kazi ya baba wa bwana harusi. Sensa ya 1911 na ya 1921 zinafunguka, na ile ya 1911 iliwahesabu hata walioko melini ughaibuni, usishangae humkuti nyumbani kwa mama yake. Ya 1931 ya England na Wales usihangaike, iliungua na moto 1942. Kama alifia kazini ingia tovuti ya CWGC (tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola), mara nyingi wameandika majina ya wazazi au mke. Asiye na kaburi jina lake litakuwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Chatham, Portsmouth au Plymouth, kutegemea bandari yake.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, karatasi ya babu wa mume wangu inasema 1914 alikuwa "Victory II". Si ndio ile meli ya mbao ya Nelson? Alifanya nini humo?
Jibu: Hapana dada, hapo wengi wanateleza. Victory II lilikuwa jina la kambi ya nchi kavu ya watia makaa Portsmouth. Devonport ni Vivid II, na Chatham kambi yao ni Pembroke. Utaona Victory II, kisha meli, kisha Victory II tena, maana yake karudi kambini kusubiri meli nyingine.

Swali: Babu mzaa bibi yangu ni wa Unguja, tunaambiwa alitia makaa kwenye manowari za Waingereza kabla ya vita ya kwanza. Nimetafuta ADM 188 sijaona kitu.
Jibu: Na huenda usione. Watu wetu waliajiriwa hapahapa, wanapanda meli ikiwa huku na kushuka ikiondoka, kwenye vitabu wameandikwa "Seedie", mkubwa wao "Tindal". Wengi walikuwa watumwa walioachiwa huru au watoto wao. Ubaya ni kwamba walibandikwa majina ya Kiingereza ya ovyo ya kuchekesha, kwa hiyo jina la ukoo halitakusaidia. Anza upande mwingine: bibi anakumbuka jina la meli? Hata la kukosea kosea. Ukipata meli na miaka, tafuta neno Seedie kwenye nyaraka za meli hiyo. Na warekodi wazee leo, karatasi za Kew zitakusubiri, wazee hawasubiri.

Swali: Babu yetu wa Machakos alizama na meli 1944 akitokea Mombasa, kwa hiyo alikuwa navy?
Jibu: Sio lazima mkuu. Tarehe 12 Februari 1944 ilizamishwa Khedive Ismail na nyambizi ya Wajapani, ilitoka Kilindini kwenda Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao ni jeshi la nchi kavu waliokuwa abiria. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita Nairobi. Angalia hapo kabla hujalipia kitu chochote cha navy.

Swali: Hapo Chapwani mtu anafikaje, na kuna mizinga ya hiyo meli?
Jibu: Boti unachukua mjini, sema Chapwani usije ukapelekwa Changuu kwenye kobe. Kuna hoteli kisiwani, omba ruhusa kwanza. Mizinga nenda Mombasa, nje ya Fort Jesus kuna mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg.