Kugeuza wimbo wa mabaharia kuwa kipande cha piano

Mfano ni "Drunken Sailor" (Baharia Mlevi), wimbo wa kazi wa merikebu za tanga. Mabaharia waliuimba wakivuta kamba huku wakitembea sitahani, kwa hiyo mpigo wake ni wa miguu. Ukiuwekea mkono wa kushoto unaopanda na kushuka kama mawimbi, umeshauharibu.

1. Anzia D, funguo nyeupe tu. Kwa wa kwaya: kituo ni r, si d wala l. B isishushwe. C isitiwe shapu (isipandishwe) pale unaporudi D, hata sikio likililia. Shapu hiyo inaupeleka wimbo sebuleni.

2. Mapigo mawili kwa baa (baa za nota, si za huyo mlevi). Kodi (noti zinazopigwa pamoja): baa 1–2 D maina, 3–4 C meja, 5–6 D maina, 7 C, 8 D maina. Kiitikio kinafuata mpango uleule.

3. Mkono wa kulia. Hapa ndipo saa zinapoishia. Baa ya kwanza yote ni A: moja ndefu, mbili fupi, kisha vivyo hivyo tena. Ukitumia kidole kimoja mkono unakauka kabla ya ubeti wa pili. Tumia 3-2-1, 3-2-1 (gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5), kila kidole kikifuta ufunguo kuelekea kiganjani. Baa ya pili, A-D-F-A, ni 5-1-3-5.

Noti zikianza kumezwa, tafuta kwanza nani anazimeza. Ikikosekana ya tatu kila mara, gumba limelala juu ya ufunguo. Zikikosekana ovyo, ni chombo: kwenye piano ya kusimama ufunguo sharti urudi karibu hadi juu ndipo nyundo iwe tayari tena, wakati piano kubwa ya kulala hurudia hata ufunguo ukiwa haujapanda wote. Vinanda vya umeme vyenye vihisi viwili kwa kila ufunguo vina ugonjwa huohuo wa piano ya kusimama. Dawa si kubonyeza kwa nguvu, ni kuinua kidole mapema. Anza metronomu (kipima mpigo) 60, panda kwa 4. Noti ikipotea, shuka 4 ukae hapo siku hiyo. Lengo ni 104. Piano ikigoma kwenye 96, piga 96, maana watu wanaovuta kamba hawakimbii.

4. Mkono wa kushoto: D na A, kisha C na G, fupi na kavu. Usiweke F chini ya ile C iliyo oktava moja kushoto kwa C ya kati, itavuma tu.

5. Ubeti ni wa kiongozi: mkono wa kulia peke yake. Kiitikio ni cha kundi: oktava, mikono yote miwili.

6. Pedali iache hadi kiitikio cha mwisho, na hapo ibadilishe kila kodi inapobadilika. D maina na C zikichanganyika ni tope. Malizia kwa D na A, bila F.