Somo: Kuondoa harufu ndani ya nyumba baada ya kifo (soma kwanza, ndipo uulize)

Ujumbe ninaopokea ni uleule: "Tumedeki na Jiki, asubuhi hakuna kitu, jua likipanda harufu imerudi." Naandika mara moja, anayehitaji asome. Somo linamhusu aliyefariki peke yake ndani na kugundulika baada ya siku kadhaa. Mgonjwa aliyefia kitandani na kuondolewa siku hiyohiyo, fueni shuka, fungueni madirisha, basi.

1. Msiguse kitu hadi polisi wamalize na kuruhusu.

2. Zima feni na AC. Zinabeba harufu hadi vyumba visivyohusika.

3. Vaa gambuti, ovaroli, miwani na glavu jozi mbili: nyembamba ndani, za mpira mzito nje. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, tafuta ile ya mpira yenye filta za mkaa. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi, hivyo doa kavu lisikwanguliwe bila kuloweshwa.

4. Toa chanzo. Godoro, mito na zulia vikatwe, vifungwe nailoni mbili mbili, vipelekwe kwenye tanuri la taka za hospitali kwa makubaliano. Ukitupa jalalani kuna atakayeliokota godoro.

5. Osha kwa sabuni na maji baridi. Maji ya moto hugandisha damu.

6. Klorini. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6. Ya asilimia 5, 1 kwa 9. Zote zinakupa asilimia 0.5. Iache dakika 10, suuza vizuri. Changanya ya siku hiyo tu. Juu ya uchafu ambao haujaoshwa klorini huisha nguvu kabla ya kuua chochote.

7. Sakafu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Majimaji hupenya kwenye maungio ya marumaru na kutambaa chini yake, eneo pana kuliko doa unaloliona. Ukisugua juu unasafisha kifuniko. Ng'oa marumaru kutoka katikati kwenda nje mpaka ukute saruji kavu isiyo na rangi wala harufu, kisha ongeza safu moja. Saruji iliyobadilika rangi ipigwe tindo itoke. Plasta ya ukuta nayo hunyonya kwenda juu: vuka doa kwa sentimita 30 hivi. Ndipo umwage dawa ya vimeng'enya (enzaimu zinazovunjavunja mabaki) na kuifunika kwa nailoni usiku kucha, maana ikikauka imekufa. Isikutane na klorini, itauliwa palepale. Ndiyo sababu ya kusuuza hatua ya 6.

Kabla ya kuziba, bandika nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45 kwa selotepu pande zote, uiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake, sakafu bado mbichi. Ukiibandua inuse: ikinuka, rudi kwenye tindo. Ikiwa safi, paka praima ya shelaki (rangi ya msingi inayofungia harufu chini) mikono miwili, weka marumaru. Rangi ya maji haizuii harufu. Shelaki ina spiriti, kwa hiyo pasiwepo moto wala jiko karibu.

8. Futa kuta, dari, panga za feni, juu ya kabati. Mapazia yafuliwe au yatupwe.

9. Mashine ya ozoni (gesi ya kuondoa harufu) ni ya mwisho. Nyumba iwe tupu, bila watu, mifugo wala mimea. Baadaye fungua madirisha saa kadhaa.

MASWALI

Fundi Mjenzi: Mkuu, nikichanganya Jiki na dawa ya choo si inakuwa kali zaidi?
— Inakuwa sumu. Dawa ya choo ni tindikali, ukichanganya inatoka gesi ya klorini. Siki vilevile. Usifanye.

Bint Tanga: Na udi je? Bibi anasema tufukize siku saba.
— Fukizeni kwa heshima ya msiba, dada. Harufu mtazipata zote mbili, ya udi na ile nyingine, mpaka chanzo kitoke.

Kaka Juu: Sijasoma yote. Nikodi ozoni tu?
— Soma hatua ya 7.

Mama Nasra: Kwa nini inanuka mchana tu, usiku kimya?
— Swali zuri, mama. Joto hugeuza vilivyojificha kwenye saruji kuwa mvuke. Ndiyo maana ukaguzi wa mwisho ufanywe saa nane mchana, madirisha yamefungwa tangu asubuhi. Anusaye awe mtu ambaye hakushinda humo. Pua yako imeshazoea.

Mama Nasra: Ahsante. Na hati ya kiwanja iliyokuwa kabatini? Inahitajika kwenye mirathi.
— Kama haikulowa, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya waya, chini mkaa mkavu uliopondwa, visigusane. Badilisha mkaa kila wiki hadi harufu iishe. Kama ililowa, itie kwenye bahasha ya nailoni angavu na kuziba, piga picha au toa nakala ikiwa humohumo. Usiianike juani, wino utapauka.