Somo: Kutengeneza chembe nano za sumaku kwa kazi za maabara ya tiba

Somo hili linaeleza namna ya kutengeneza chembe nano za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma yenye usumaku, kwa kuzifanya aina mbili za ioni za chuma, chuma (II) na chuma (III), zitue pamoja kama mashapo, kisha kuzivika chembe hizo asidi ya sitriki. Njia hii ya kuunda mashapo ilichapishwa na René Massart wa Ufaransa mwaka 1981, na hadi leo ndiyo inayoifaa zaidi maabara ya chuo yenye vifaa vya kawaida. Nieleze mpaka wake mapema: zao la somo hili ni la kutumika nje ya mwili, kwa mfano katika majaribio ya kunasa DNA au protini kutoka kwenye sampuli, wala si la kumdunga mgonjwa.

Chembe tunazozitaka zina upana wa nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Magnetaiti ikiwa ndogo kiasi hicho huvutwa kwa nguvu sumaku inapokaribia, lakini sumaku ikiondolewa haibaki na usumaku wowote, na kwa hiyo chembe hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Tabia hiyo ndiyo inayozipa thamani katika tiba.

Kwanza ni mimunyo. Chemsha maji yaliyotoneshwa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yapitishie gesi ya naitrojeni kwa nusu saa ili oksijeni itoke. Maji ya bomba hayafai hata yakiwa masafi machoni, kwa sababu yana chumvi zitakazoshikamana na chembe. Katika mililita 50 za maji hayo yeyusha gramu 2.70 za kloridi ya chuma (III) yenye molekuli sita za maji na gramu 0.99 za kloridi ya chuma (II) yenye molekuli nne za maji, ukiongeza matone machache ya asidi hidrokloriki. Vipimo hivyo vinatoa ioni mbili za chuma (III) kwa kila ioni moja ya chuma (II), uwiano uleule ulio ndani ya magnetaiti, na kwa hesabu vinaweza kuzaa gramu 1.16 za zao.

Pasha mmumunyo hadi nyuzi 70 za Selsiasi ndani ya kabati la kuvuta mvuke, naitrojeni ikiendelea kupita. Usikoroge kwa kile kijiti cha sumaku kinachozungushwa na jiko la maabara, maana chembe zitakazozaliwa zitakivamia na kukiganda. Tumia kikorogeo cha mota chenye pangaboi la kioo au la plastiki, kizunguke kwa kasi. Vaa miwani na glavu, kisha mimina kwa mkupuo mililita 15 za amonia ya asilimia 25. Mmumunyo utageuka mweusi papo hapo. Kumimina kwa mkupuo huzalisha mbegu nyingi za fuwele kwa wakati mmoja, na hivyo chembe ndogo zinazolingana, ilhali kudondosha tone baada ya tone huzifanya zitofautiane ukubwa. Pima pH, ambayo inapaswa kuwa karibu na 10, na uendelee kukoroga kwa nusu saa.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua iwapo umepata kitu cha maabara ya tiba au tope jeusi tu, na ndiyo wengi wanayoiharakisha. Weka sumaku yenye nguvu chini ya bika, subiri chembe zitue, mwaga maji ya juu, uoshe mara mbili au tatu kwa maji yasiyo na oksijeni. Zirudishe katika maji mapya, ongeza gramu 1 ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, rekebisha pH iwe 5 hivi, kisha pasha kwa nyuzi 80 kwa saa moja huku ukikoroga. Asidi ya sitriki hushika chuma kwa baadhi ya vikundi vyake vya kaboksili (sehemu zake zenye asidi) na kuacha vingine vikielekea nje. Ukipandisha pH hadi 7 vikundi hivyo vya nje hubeba chaji hasi, chembe husukumana, na mchanganyiko hukaa bila kutua.

Mafanikio haya huleta usumbufu wake: chembe zilizovikwa vizuri haziitikii upesi sumaku ya mkononi. Kwa hiyo usafishaji wa mwisho hufanyika ndani ya mfuko wa dayalisisi, ambao hupitisha chumvi na kubakiza chembe, maji ya nje yakibadilishwa mara kwa mara kwa siku mbili. Mfuko ukikosekana, ongeza ethanoli ili chembe zikusanyike, kisha zitenganishe kwa mashinepewa, mashine inayozungusha sampuli kwa kasi hadi chembe zitue.

Kwa uhakiki, mionzi ya X inayotoka kwenye shaba inapaswa kuonyesha mstari mkubwa karibu na pembe ya nyuzi 35.5, na upana wake ndio unaokadiria ukubwa wa fuwele.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Gulu: Mwalimu, mashapo yangu yametoka ya kahawia badala ya meusi. Nimekosea wapi?*

Kuna uwezekano mkubwa kwamba oksijeni iliingia, au kloridi yako ya chuma (II) ilikuwa imezeeka. Fuwele zake zinapaswa kuwa za kijani hafifu; zikiwa na manjano au kutu, agiza nyingine. Hata hivyo usimwage kabla ya kujaribu kwa sumaku, kwa kuwa magemaiti, yaani magnetaiti iliyoshambuliwa na oksijeni, nayo ni ya kahawia na huvutwa vizuri. Kisichovutwa kabisa ndicho cha kutupa.

*Kutoka Kabale: Kwetu Muko kuna madini mengi ya chuma. Je, hatuwezi kuyatumia, mwalimu?*

Madini ya Muko ni hematiti, ambayo usumaku wake ni hafifu mno. Yanaweza kuyeyushwa kwa asidi hidrokloriki kupata chuma (III), lakini yatakuja pamoja na metali nyingine ambazo itakubidi uziondoe na kuthibitisha kuwa zimekwisha. Kwa mazoezi ya kemia ni kazi nzuri. Kwa maabara ya tiba, nunua chumvi safi.

*Kutoka Jinja: Daktari, nimesoma kwamba chembe hizi hutibu saratani kwa joto na hutumika kama dawa. Kwa nini zetu zisitumike?*

Ni kweli, ndugu. Marekani iliidhinisha ferumoksitoli, dawa ya chembe za oksidi ya chuma, mwaka 2009 kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo, na Ulaya iliidhinisha mwaka 2010 tiba ya joto kwa uvimbe wa ubongo. Lakini dawa hizo hutengenezwa katika mazingira yasiyo na vijidudu. Zetu zinaweza kubeba sumu za kuta za bakteria, ambazo kuchemsha hakuziharibu na kichujio cha mikromita 0.22 hakizizuii. Hata zingekuwa safi, dawa ya kudunga hupimwa kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda.

*Kutoka Soroti: Umeme ukikatika katikati ya kazi, nianze upya?*

Ikiwa amonia imekwisha kuingia, hapana. Mashapo yamekwisha kuumbwa. Endelea kukoroga kwa mkono kwa fimbo ya kioo, kisha yaoshe na kuyafunika kwa maji yasiyo na oksijeni. Hatua ya asidi ya sitriki inaweza kusubiri hadi kesho yake, mradi hukuyaacha yakauke. Zao lililokamilika nalo lihifadhiwe ndani ya maji katika nyuzi 4, kamwe si kwenye barafu, kwa sababu chembe zikigandishwa hushikamana na mara nyingi hazitawanyiki tena.