Cha kusoma ukienda ushago Desemba

Nauza vitabu vilivyotumika, nimevitandaza juu ya gunia kando ya barabara hapa Kisumu. Desemba, wanaopita kwenda Siaya na Busia huniomba kitu cha siasa kisichochosha. Nimechoka kurudia, basi naandika.

Anza na Katiba ya 2010, ile ya Kiswahili. Usiisome yote, hata mimi sijaimaliza. Shika penseli, fungua Ibara ya 49. Aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Wengi hupigia mstari hapo wakafunga kitabu. Endelea kidogo: saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haikai, atangoja hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Sasa mpigie hesabu mtu aliyenyakuliwa Alhamisi jioni, Ijumaa ikiwa Krismasi. Ni mpaka Jumatatu.

Katiba ikiwa bado wazi, weka kando yake Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Alifungwa 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya twendapi, na mashairi haya aliyatunga humo gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za choo. Sisi wa bara Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, hutukwamisha: "nti" ni nchi, "mato" ni macho. Dawa ni kusoma kwa sauti, polepole, shairi moja kwa jioni. Lile la "Mnazi: Vuta N'kuvute" someni wawili, mmoja Alii, mwingine Badi, wakigombea mnazi mmoja, kisha mbadilishane. Mwaka jana shemeji yangu alianza akicheka. Alipofika katikati alikuwa amesimama, ananinyoshea mwiko wa ugali kana kwamba nimemnyang'anya shamba.

Wa vita achukue Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Mizani (silabi) nane kila kipande, unaimbika. Kama nyumbani kuna mzee mwenye sauti ya kuimba, mwachie yeye. Ni mrefu, usijilazimishe.

Halafu Not Yet Uhuru ya Jaramogi Oginga Odinga, ya 1967, mwaka mmoja baada ya kujiuzulu umakamu wa rais. Ni Kiingereza, tena kinene. Huku kwetu kila mtu hukitaja, waliokifungua unawahesabu kwa vidole. Anzia sura za mwisho, kwenye ugomvi wenyewe na Rais Jomo Kenyatta, ndipo urudi utotoni. Nakala yangu ni moja na haiuzwi. Ukitaka kukiazima, niachie kitabu kingine rehani, ukirudishe Januari.