Mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri: jiandae kabla tangazo halijatoka

Habari zenu wapendwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama washonaji, tunashona sare za shule, na kila nikikaa na wenzangu wa vikundi vingine naulizwa ile mikopo ya vikundi ya halmashauri zetu hapa Tanzania inapatikanaje siku hizi maana mambo yamebadilika, so naandika yote hapa mtu asome kwa nafasi yake.

Kwanza ujue hii hela inatoka wapi. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yako, yaani ushuru wa soko, leseni na kadhalika, na mgao wake ni 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Tangu 2018 iko kwenye sheria kabisa, sio hisani ya mkurugenzi wala ya diwani, kwa hiyo usiende ofisini umejikunyata kama unaomba msaada. Ila kwa kuwa inategemea makusanyo, halmashauri inayokusanya kidogo ina mfuko mdogo, na ukiandika andiko la mradi la milioni hamsini pale ambapo vikundi vinapewa milioni tano tano unajipotezea muda. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako awamu iliyopita vikundi vilipata kiasi gani.

Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba mikopo isimame, maana ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilionyesha mabilioni hayajarejeshwa na vikundi hewa vimejaa. Kilipita zaidi ya mwaka, na wenzetu wengi kipindi kile waliangukia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, wakanyang'anywa mpaka makochi, inauma sana. Ilirudi 2024 na utaratibu mpya. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kutoa mkopo kupitia benki, kuna majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, halafu Kigoma Ujiji, Songea, Newala, Mbulu, Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli, kwingine ni halmashauri yenyewe ila uhakiki umekazwa kuanzia kata. Pia umri wa vijana ulisogezwa kutoka 35 hadi 45, kwa hiyo kaka yangu wa miaka arobaini uliyekata tamaa, rudi. Na mwenye ulemavu akikosa wa kuunda naye kikundi anaweza kuomba peke yake, hili watu wengi hawaambiwi.

Sasa kujiandaa. Usisubiri tangazo, likitoka siku zinakuwa chache na kila mtu anakimbilia mhuri wa mtendaji. Tafuteni watu mnaojuana kweli, watano wanaofanya kazi ni bora kuliko ishirini wa kujaza orodha, wote wawe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, halafu katiba, muhtasari wa kikao uliosainiwa na kila mmoja, usajili wa kikundi na akaunti ya benki.

Kwenye majina kuweni makini jamani, nawasihi. Sisi mara ya kwanza katiba ilisema "Umoja" na akaunti tukafungua kama "Umoja Group", neno moja tu, na mweka hazina wetu NIDA yake ina jina la baba na kwenye muhtasari akaandika la mume. Tukarudishwa. Kurekebisha benki kulichukua wiki tatu na dirisha likafungwa tukiwa bado tunahangaika. Kwa hiyo kaeni chini, wekeni katiba, kitabu cha benki na vitambulisho vyote mezani, mmoja asome herufi kwa herufi mwingine afuatilie kwa kidole.

Andiko la mradi liwe la biashara mnayofanya tayari. Msilinunue stationery, watu wa kata wameshayasoma yale ya kuku mia tano wanayajua. Sisi tuliandika cherehani ngapi tunazo, mashine ya kupindia ngapi tunahitaji, jora la kitambaa tunanunua bei gani na linatoa sketi ngapi, tukaambatanisha risiti za dukani. Na tuliandika wazi kwamba hela yetu inaingia Desemba na Januari wakati wa kufungua shule, Aprili na Mei panakuwa pakavu, tukaomba ratiba ya marejesho ilingane na hapo. Wakulima fanyeni hivyo hivyo kwa msimu wenu, maana ukikubali kulipa kila mwezi sawa wakati mpunga uko shambani utaenda kukopa pengine ulipe mkopo.

Wakija kukagua wakute kazi inaendelea, sio mmepanga viti. Wanauliza mwanachama yeyote, hata yule mkimya wa nyuma, mmeomba kiasi gani na cha nini, so kila mmoja ajue.

Mtu yeyote akikuomba "ya kusukuma faili" usitoe, omba jina lake na umpelekee mkurugenzi au TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa. Hela ikiingia msigawane hata mia, nunueni kilichoandikwa, wekeni risiti kwenye faili moja, na kila mkilipa rejesho nendeni na slipu halmashauri waandike mbele yenu.