Tumbo la Bahati: namna ya kumlisha mbwa anayeharisha mara kwa mara

Bahati ni mbwa wangu jike, kilo 18. Kwa karibu mwaka mzima aliharisha, akapona, akaharisha tena, na kila mara nilijiambia kaokota uchafu mahali. Haikuwa hivyo. Kama na wako yuko hivyo, anza kwa daktari wa mifugo: kinyesi kipimwe minyoo na vijidudu kabla hujalaumu chakula.

Na kuna hali ambazo si za jikoni kabisa. Choo chenye damu au cheusi kama lami, kutapika mfululizo, kulegea mwili, hizo ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Tumbo likivimba huku mbwa anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, usimalize hata chai yako. Huenda tumbo limejinyonga, na hilo huua kwa saa chache. Mtoto wa mbwa anayeharisha naye usimngoje, huishiwa maji upesi.

Likiwa ni tumbo kuchafuka tu, mimi hupika chakula chepesi: nyama isiyo na mafuta, ngozi wala mifupa, sehemu 1, kwa wali mweupe sehemu 2. Nyama nachemsha kwa maji matupu. Chumvi hapana. Kitunguu na kitunguu saumu visikaribie sufuria, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Wali naupika kwa maji mengi mpaka punje zipasuke. Supu siimwagi. Inalala kwenye friji, na asubuhi nakuta utando mweupe wa mafuta umeganda juu. Naubandua wote kwa kijiko, kisha nailainishia wali ile supu iliyobaki. Utando huo usiuonee huruma. Mafuta humlemea mbwa anayeharisha, na kwa mwenye ugonjwa wa kongosho ni hatari hasa.

Chakula cha kutwa kigawe mara 4 hadi 6, kidogo kidogo, na maji safi yasikauke bakulini. Siku 3 hadi 5 zinatosha. Nyama na wali pekee havina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo usivifanye chakula cha maisha. Rudisha chakula chake cha kawaida polepole: robo kwa siku 2, nusu kwa siku 2, robo tatu kwa siku 2. Choo kikilegea, rudi hatua moja.

Sasa nunua daftari. Kila siku andika alichokula, saa ngapi, na choo kilivyokuwa. Madaktari wa mifugo wana mizani ya 1 hadi 7. 1 ni kigumu kama kokoto, 7 ni maji. Tunachotaka ni 2 au 3, choo kinachoshika umbo hata kikiokotwa. Daftari ndilo lililotusaidia sisi. Daktari alifunua kurasa akaniuliza, hii nyama unayomchemshia ni ya nini? Kuku. Na chakula chake cha kila siku? Cha kuku. Miezi yote ile nilikuwa namtibu kwa kitu kile kile kinachomuumiza. Nililia ndani ya gari.

Ndipo tukaingia kwenye mlo wa majaribio. Unachagua nyama moja ambayo mbwa hajawahi kuila, au chakula maalumu cha hospitali ambacho protini yake imekatwa vipande vidogo mno hata kinga ya mwili isiitambue. Anakula hicho tu kwa wiki 8. Hicho tu maana yake ni hicho tu: hata kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama kinaweza kuvuruga, kwa hiyo muulize daktari kwanza.

Wiki ya 5 daftari lilipanda ghafla kutoka 3 hadi 6. Mama, ninayeishi naye, alikuwa akimmegea mkate wenye siagi kila jioni chini ya meza. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa anampenda mbwa kwa njia anayoijua, na mimi sikuwa nimemweleza vya kutosha. Tulianza upya siku ya 1. Safari hii, kila asubuhi nilipima chakula cha Bahati, nikachota konzi moja nikaiweka kwenye kopo karibu na kiti cha Mama. Akitaka kumpa kitu, ampe cha humo. Kama una watoto au wageni wengi nyumbani, fanya hivyo tangu siku ya kwanza. Kuwakataza peke yake hakufui dafu.

Wiki 8 zikiisha salama, usishangilie bado. Mrudishie chakula cha zamani umwangalie hadi wiki 2. Akiharisha, umempata mkosaji. Bahati aliharisha siku ya 3 baada ya kuonja kuku. Sasa anakula samaki, kwa mchanganyiko ambao daktari alinipimia pamoja na kalsiamu na vitamini zake, na namba daftarini ni 2, 3, 2, 2. Kopo bado liko pale karibu na kiti, na jioni Mama akiligusa tu kifuniko, Bahati ameshafika.